Mvuta Kasia Aliyegeuka Mwalimu

Kila ifikapo Maulidi kule Lamu, mashindano ya vyombo huwavuta watu ufukweni. Nami, mtoto wa pwani, nilidhani nayajua mambo ya makasia. Kumbe sivyo. Katika mashindano ya mashua za watu wanane, kila mmoja huvuta kasia moja, na wote huketi wameipa kisogo njia waendayo. Wa tisa, mshika sukani, ndiye aonaye mbele. Kasia la mmoja likinaswa na maji, chombo kizima huenda mrama.

Katika kusoma habari za mchezo huo nilikutana na maisha ya Bibi Carie Graves, Mmarekani aliyezaliwa 1953 katika jimbo la Wisconsin. Baba yake alivuta makasia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, na binti akafuata nyayo zake. Zama zilikuwa zikigeuka. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi baina ya wanawake na wanaume katika vyuo vipatavyo fedha za serikali. Mwaka 1976, wanawake waliposhindana makasia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Montreal, Graves na wenzake walipata medali ya shaba.

Mwaka uliofuata akawa mkufunzi wa wanawake wa Radcliffe, chuo ndugu cha Harvard. Wengi wakishapewa kazi ya kufunza huweka kasia chini. Yeye aliwafunza mabinti huku akijizoeza mwenyewe kwa ajili ya Olimpiki ya Moscow ya 1980. Ghafla siasa zikaingia kati: Marekani ikagoma kwenda, kwa sababu majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Afghanistan. Sisi Wakenya twaujua uchungu huo, kwani wanariadha wetu hawakushiriki Montreal wala Moscow. Ujana wa mwanamichezo haumngoji mtu, ukipita umepita.

Hata hivyo, Graves hakukata tamaa. Mwaka 1983 aliondoka Radcliffe, na 1984, akiwa na umri wa miaka 31, alitwaa dhahabu ya mashua ya watu wanane huko Los Angeles. Katika Olimpiki hiyo hiyo Julius Korir wetu alishinda mbio za kuruka viunzi na maji.

Baadaye alirudi kufunza: miaka kumi katika Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, kisha, 1998, Chuo Kikuu cha Texas kikamwita aijenge timu yake mpya ya wanawake. Katika vyuo vya huko si ajabu kumpata msichana mwenye kimo na nguvu ambaye hajawahi kushika kasia maishani mwake. Mkufunzi humwanzisha kwa alifu na be: namna ya kuketi, ya kutia kasia majini, ya kuvuta sawasawa na aliye mbele yake. Kazi hiyo Graves aliifanya Texas kwa miaka 16, akastaafu 2014.

Mwaka 2021 Texas ilitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani kwa mara ya kwanza, chini ya mkufunzi mwingine. Desemba ya mwaka huo huo Graves akafariki dunia, akiwa na miaka 68.

Wahenga walisema subira yavuta heri. Maisha ya mwalimu huyu yamenionyesha kwamba mara nyingine subira huwa ya mmoja, na heri ikawafikia wengine. Naye alikuwa amezoea: mvuta kasia huipeleka mashua mbele bila kupaona aendako.