Shahada ya Kiingereza na mtoto wa Migori

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kuwakagua wanafunzi wetu wa shahada ya ualimu waliokuwa wakifanya mazoezi ya kufundisha katika shule za kutwa baina ya Rongo na Homa Bay. Katika shule mojawapo nilimkuta kijana mkakamavu, aliyefunga tai licha ya jua la adhuhuri, akifundisha Kiingereza katika Kidato cha Pili. Mwanafunzi mmoja alisimama kusoma insha aliyoandika juu ya nyanya yake. Kila alipomtaja ajuza huyo alimwita "he" pale ambapo Mwingereza angesema "she". Darasa halikucheka, kwani wengi walikuwa wameandika vivyo hivyo. Mwalimu alisahihisha, akasahihisha tena, na mara ya tatu uvumilivu ukamwisha.

Baada ya kipindi nilimwuliza kwa nini watoto wale wanakosea hapo. "Ni uzembe tu, Daktari," akanijibu. Nikamwomba aniambie kwa Dholuo, lugha ya nyumbani kwao, neno la kusema kwamba mtu amekwenda. Akasema, "Odhi." Nikamwuliza iwapo aliyekwenda ni mwanamume au ni mwanamke. Alinyamaza, kisha akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya nyumba aliyoishi tangu utotoni.

Waama, Dholuo haitenganishi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi vyake. Wala Kikuria hakitenganishi, wala Ekegusii, wala Olusuba, wala Kiswahili chetu ambacho "yeye" wake humtosha kila mtu. Mtoto wa Migori hutakiwa na Kiingereza kufanya jambo ambalo hakuna lugha nyingine anayoisikia sokoni wala nyumbani iliyopata kumtaka alifanye. Huko hakuwezi kuitwa uzembe. Ni kazi mpya, na kazi mpya huhitaji mwalimu anayejua ilivyo mpya.

Kijana yule aliweza kufafanua mofimu. Aliweza kutaja vipindi vya fasihi ya Kiingereza kuanzia Chaucer. Alikuwa amepasi mitihani yetu yote. Ila hakuna aliyewahi kumwuliza swali lile dogo kuhusu lugha yake mwenyewe. Lawama hiyo siwezi kumtwika yeye, maadamu mimi ni mmoja wa waliomfundisha.

Tena nina ungamo jingine. Nimewahi kukaa katika kamati ya kuandika shabaha za kujifunza za shahada ya Lugha ya Kiingereza na Fasihi. Msomaji asiyejua mambo ya vyuoni aelewe kwamba kila programu hutakiwa kueleza kimaandishi yale ambayo mhitimu ataweza kuyafanya, na tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 programu hizo huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Ni utaratibu mwema. Lakini sisi tuliufanyia haraka. Tuliketi na orodha ya vitenzi iliyotokana na kazi ya Mmarekani Benjamin Bloom na wenzake ya 1956, tukachopeka kimoja hapa na kingine pale: mwanafunzi ataweza kueleza, kuchambua, kulinganisha, kutathmini. Jioni tukaenda zetu tumeridhika. Shabaha zile zingeweza kuwa za chuo cha London au cha Chicago. Hazikuwa na mtoto wa kidato cha pili ndani yake.

Si kwamba wazee wetu hawakutuonyesha njia. Mnamo Oktoba 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mahali pake pawe na idara ambayo kitovu chake ni Afrika. Walidai fasihi simulizi ifundishwe, na lugha za Kiafrika zipewe nafasi. Idara ikageuka kuwa ya Fasihi, na vyuo vingi vya kanda hii vikafuata mkondo huo. Ngũgĩ alifariki 2025. Hata hivyo, nikizitazama shabaha tulizoziandika sisi, naona kwamba tulipokea vitabu ambavyo waraka ule ulivileta, tukaliacha swali lililovitangulia: tunasoma haya tukiwa tumesimama wapi?

Leo swali hilo lina anwani. Kaunti ya Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo, kilichoanza 2011 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi na kupata hati yake 2016. Kaunti ya Homa Bay ina Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilichoanza 2016 chini ya Maseno. Mtoto wa Mfangano au wa Kehancha hana haja tena ya kwenda Nairobi kutafuta shahada. Lakini ikiwa atakuta mlangoni mwake shabaha zile zile zisizo na mahali, basi tutakuwa tumemsogezea jengo tu.

Mahali hapa pana utajiri ambao mwanaisimu wa ng'ambo angevuka bahari kuutafuta. Migori hukutana Dholuo, ambayo ni ya jamii ya Kiniloti, na Kikuria na Ekegusii, ambazo ni za Kibantu. Na mpakani Isebania Kiswahili cha Kenya hupeana mkono na kile cha Tanzania. Mfangano na Rusinga ndiko Olusuba inakopigania uhai wake, kwani Wasuba wengi wamekwisha kuhamia Dholuo. Mwanafunzi wa isimu akifundishwa hapo kwamba lugha hufa, hahitaji mfano wa Australia. Atavuka maji na kuzungumza na bibi yake.

Ndiposa napendekeza shabaha nne, ambazo kila moja yaweza kupimwa. Kwanza, mhitimu aweze kueleza kosa la Kiingereza la mwanafunzi kwa kulirejesha katika lugha ya nyumbani. Mtoto wa Kijaluo anapotamka "fis" badala ya "fish", mwalimu ajue kwamba Dholuo haina sauti hiyo ya "sh". Mtoto wa Kigusii anapochanganya "l" na "r", ajue kwamba lugha ya mamaye haizipambanui.

Pili, aweze kurekodi masimulizi kutoka kwa mzee, kuyaandika katika lugha yake ya asili, kuyatafsiri kwa Kiingereza na kuutetea uteuzi wa kila neno. Tatu, aweze kusoma matini ya Kiingereza asiyopata kuiona, ya Shakespeare au ya Grace Ogot, na kutoa hoja iliyo yake bila kutegemea muhtasari wa mhadhiri. Nne, aweze kuandika Kiingereza chepesi na sahihi ambacho mwanakijiji akisomewa barua ataelewa anachoambiwa.

Wapo wenzangu watakaonipinga. Watasema kwamba Kiingereza ni lugha ya dunia, na kwamba ninataka kuwafungia vijana wa Nyanza Kusini katika kijiji chao. Hoja hiyo ina uzito, kwani mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo hakumpeleka mwanawe chuoni arudi na hadithi anazozijua tayari. Anataka mlango ufunguke.

Lakini hebu tutazame. Karibu na Kendu Bay liko ziwa dogo la Simbi Nyaima. Wenyeji husimulia kwamba ajuza mgeni alifika kijijini watu wakiwa katika sherehe, akaomba hifadhi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia. Usiku ule kijiji kikazama majini. Mrumi Ovid, miaka elfu mbili iliyopita, aliandika kisa cha miungu wawili waliojigeuza wasafiri, wakafukuzwa kila nyumba isipokuwa ya wazee wawili maskini, na mji wote ukafunikwa na maji. Mwanafunzi anayeijua Simbi huingia kwa Ovid akiwa mwenyeji. Ana la kulinganisha na ana la kuuliza: kwa nini wanadamu walioishi mbali hivi wanaogopa dhambi ile ile ya kumnyima mgeni? Huyo ndiye atakayesikilizwa popote duniani. Aliyekariri muhtasari atasikilizwa na mtahini wake peke yake.

Sidai kwamba jambo hili ni rahisi. Kumpima mwanafunzi kwa rekodi na tafsiri humchukua mhadhiri muda mrefu kuliko kusahihisha karatasi ya saa tatu, na madarasa yetu yamefurika. Atakayeandika shabaha hizi bila kudai wahadhiri wa kutosha na nauli ya kwenda nyanjani atakuwa ameandika ushairi wa kamati, kama tulivyofanya sisi.

Walakini wakati wenyewe unatusukuma. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 mwaka 2026. Katika sekondari hiyo ya juu Kiingereza ni cha lazima, ilhali Fasihi ya Kiingereza imekuwa somo la kuchaguliwa, jambo linalovunja ndoa ya lugha na fasihi tuliyoizoea katika mfumo wa 8-4-4. Watabisha hodi vyuoni 2029. Shahada zetu zitaandikwa upya tutake tusitake, na ni heri ziandikwe na watu waliokwenda kuketi nyuma ya darasa.

Nilipoagana na kijana yule aliniomba kitabu kinacholinganisha Dholuo na Kiingereza. Nilimwahidi kumtafutia. Kisha nikamwambia kwamba kwa sasa kitabu anacho: ni daftari thelathini zilizokuwa mezani pake, zikisubiri kalamu nyekundu. Azisome kabla ya kuzisahihisha. Nasi vyuoni tungeanza kwa kufanya hivyo hivyo.