Mlezi wa Kituo na Lugha ya Mtoto (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza mtoto anavyoanza kusema nyumbani. Leo tuingie katika kituo cha kulelea watoto mchana, maana mtoto wa mjini anayepelekwa asubuhi na kuchukuliwa magharibi huwa na mlezi kwa muda mwingi kuliko anaokuwa na mama yake akiwa macho.

Vituo vyetu vingi hujivunia kuimbisha: a, e, i, o, u, darasa zima kwa sauti moja. Wazazi hufurahi. Lakini kuimba kwa pamoja si kuzungumza. Mwaka 2018 Rachel Romeo na wenzake huko Marekani walipima ubongo wa watoto wa miaka 4 hadi 6 walipokuwa wakisikiliza hadithi. Waliozoea kupokezana maneno na watu wazima ndio ambao sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha ilifanya kazi zaidi, wawe wa familia tajiri au maskini. Wingi wa maneno yanayomwagwa masikioni haukutosha kueleza tofauti hiyo.

Kupokezana kukoje? Mtoto anasema, "Meanguka!" Kamil Ud Deen, aliyechunguza usemi wa watoto wa Nairobi, alionyesha kwamba mtoto mdogo hudondosha kiambishi cha nafsi na kubakiza cha wakati. Mlezi asiyejua atamkemea: "Sema vizuri!" Aliyefunzwa atajibu, "Eh, kikombe kimeanguka. Tukiokote?" Kisha anyamaze, amtazame mtoto, amngoje. Huko kungoja ndiko kugumu kuliko yote. Sisi watu wazima hukimbilia kujibu wenyewe.

Ujuzi huu haupatikani kwa semina ya siku moja. Kituo cha Hanen cha Canada, kilichoanzishwa mwaka 1975, kina mafunzo ya walezi ambamo mlezi hurekodiwa akiwa kazini, kisha huketi na mtaalamu wa usemi wakaitazame video pamoja: hapa ulimkatiza, hapa ulimsubiri akasema. Naupenda sana utaratibu huo, na kwetu simu ya mkononi inatosha kuuanza. Wala kupokezana maneno na mtoto hakuhitaji kipindi maalumu. Mlezi mwenye watoto wengi hapati nafasi ya kuzungumza na mmoja mmoja ila anapomlisha, anapomnawisha na anapombadilisha nepi. Basi saa hizo ndizo za lugha.

Mafunzo yamwezeshe pia kutambua dalili: mtoto wa mwaka mmoja asiyebwabwaja, wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, au asiyegeuka akiitwa. Kazi yake si kutaja ugonjwa, bali kumwambia mzazi mapema ampeleke kupimwa masikio, maana usaha unaorudi mara kwa mara hupunguza usikivu.

Tanzania ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na ujifunzaji wa awali ni sehemu yake. Nawaomba maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri: mnapokagua vituo, baada ya kuhesabu vyoo na magodoro, kaeni kidogo mkasikilize mlezi anavyozungumza na watoto.