Maua ya Majani Manene: Tusiyaue kwa Maji



Majuzi mama mmoja wa kikundi chetu alikuja mkutanoni akibeba mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani ya mkebe kulikuwa na ua, au tuseme lililokuwa ua. Majani yalikuwa yamelegea na shina lilikuwa jeusi, linanuka. "Hili ni la tatu kufa," akasema, "na kila moja nimelinunua sokoni." Tukamwuliza, "Mama, unalinywesha maji mara ngapi?" Akajibu, "Asubuhi na jioni, kama sukuma wiki. Kwani mnataka nilinyime?"

Ndiyo, mama, tunataka ulinyime kidogo! Na kwa kuwa wengi wetu tuna kosa hilo hilo, tumeona tulieleze hapa.

Ni maua gani haya?

Ni mimea ambayo majani yake ni manene, yamejipanga mviringo kama waridi lililofunguka. Ile midogo yenye rangi ya kijani-buluu na unga mweupe juu yake huitwa echeveria, na asili yake hasa ni Meksiko. Mingine yenye mistari myeupe, haworthia, ilitoka Afrika Kusini. Lakini tusidhani yote ni ya wageni. Shubiri zetu za milimani ni za namna hiyo hiyo.

Mimea hii ilizoea nchi kavu. Majani yake ni kama tangi, huweka maji ya siku nyingi. Tena vitundu vya majani, ambavyo mmea hupumulia, hufunguka usiku wakati wa baridi na kufungwa mchana, ili maji yasipotee kwa jua. Mmea wa namna hiyo ukiutilia maji kila siku, udongo unajaa maji, mizizi inakosa hewa, na mwisho inaoza.

Kiu au kuoza?

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mmea unaooza hulegea, nawe ukidhani una kiu unaongeza maji. Basi angalia vizuri. Mmea wenye kiu majani yake hukunjamana lakini hayanuki wala hayatoi maji. Mmea unaooza majani yake hugeuka manjano, huwa kama yamechemshwa, na hudondoka ukiyagusa tu. Ukiona hivyo acha maji mara moja. Kata kichwa cha mmea juu ya sehemu iliyooza, mpaka uone shina safi. Kiache kivulini siku saba hivi kidonda kikauke, kisha ukipande upya.

Namna ya kuutunza

1. Chombo. Mkebe wa kawaida, sufuria iliyotoboka au chungu, vyote vyafaa. Lakini toboa matundu chini! Mkebe usio na tundu ni kaburi la ua.

2. Udongo. Changanya kipimo kimoja cha udongo wa shamba, kimoja cha mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, na kimoja cha kokoto ndogo. Mbolea nyingi ya ng'ombe haifai.

3. Maji. Ingiza kidole ndani ya udongo. Kama kuna unyevu, ngoja. Kama ni mkavu kabisa, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu usiuguse tena mpaka ukauke. Mwagilia udongo, si katikati ya majani. Wakati wa mvua za masika weka mikebe chini ya paa.

4. Jua. Jua la asubuhi ni zuri. Ua likikaa gizani ndani ya nyumba hurefuka shingo na kupoteza umbo. Lakini usilitoe gizani na kulitupa kwenye jua kali siku hiyo hiyo, litaungua. Lizoeshe polepole.

5. Wadudu. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani, hao ni wadudu wanaofyonza maji ya mmea. Wapanguse kwa pamba iliyochovywa spiriti.

Kuzidisha bila kununua

Echeveria huota kutoka kwa jani. Chuma jani zima, lisikatike chini. Liache siku tatu au nne likauke kidonda, kisha lilaze tu juu ya udongo, usilizike. Baada ya majuma machache utaona mizizi na kichipukizi. Jani la shubiri haliwezi hivyo, litaoza bure. Shubiri hupandwa kwa machipukizi yanayotoka kando ya mama, au kwa mbegu.

Tusimalize kilima

Tumeona vijana wakichimba shubiri kilimani na kwenda kuziuza mjini. Vijana wetu, tunajua mnatafuta pesa. Lakini ilipofika mwaka 1986 shubiri za porini zilikuwa zimevunwa sana hata Rais Moi akapiga marufuku uvunaji huo, na aina zote za shubiri, isipokuwa ile inayoitwa Aloe vera, zinalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES kuhusu biashara. Tena mmea huo ndio unaoshika udongo mahali pakavu, na maua yake hulisha nyuki wakati wa kiangazi. Ukichimba umeuza mara moja. Ukipanda machipukizi nyumbani utauza kila mwaka.

Na jambo moja zaidi: si kila shubiri ni dawa. Kuna aina zenye sumu, kama Aloe ballyi ya sehemu za Taita. Usimpe mtoto wala mgonjwa anywe mmea usioujua.

Yule mama tulimpa majani matano ya echeveria. Mawili yalikauka, matatu yameota. Sasa huyanywesha wakati kidole kinapomwambia, na sokoni hajarudi kununua.