Fremu Kuukuu ya Kiingereza: Itambue Kabla ya Kuipaka Rangi



Wanachama wasiopungua watatu wamefika ofisini kuniuliza kama yafaa kuzifufua baiskeli za Kiingereza walizoachiwa na wazee wao, ambazo fremu zake zimelala mabandani chini ya magunia na majamvi ya kuanikia karafuu. Jawabu langu ni kuwa yafaa sana kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, lakini si kila fremu, na rangi ndiyo kazi ya mwisho. Nitaeleza kwa mfano wa baiskeli moja niliyoishughulikia kwa mikono yangu, ingawa haikuwa ya hapa kisiwani.

Dada yangu ameolewa Sapiwi, wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, katika nchi ya Wasukuma na pamba. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta shemeji yangu akitoa nauli ya bodaboda kila siku kwenda kazini mjini Bariadi. Nyuma ya nyumba ilikuwapo baiskeli ya baba yake, aliyoinunua ujanani kwa fedha ya pamba. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani ya milango, na juu yake mchoraji wa vibao ameandika RALEIGH. Shemeji alikusudia kuitia matairi mapya, kuipaka rangi, na kumpakia mwanawe nyuma ampitishe shule.

Nilimwomba anipe siku mbili kwanza.

Jina lililoandikwa kwenye fremu si shahidi. Hata beji ya kiwandani haitoshi, kwa sababu kampuni ya TI Cycles, iliyoundwa mwaka 1949 huko Madras, ilitengeneza Hercules nchini Bara Hindi, na Sen-Raleigh ya Asansol nayo iliunda Raleigh hukohuko. Tena Raleigh ya Nottingham ilikwisha kuyameza majina mengine: Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, na baiskeli za BSA mwaka 1957. Basi tazama chuma chenyewe. Gurudumu la meno la pedeli mara nyingi husema: Raleigh ilikata picha ya korongo, Rudge kiganja cha mkono, Humber vijitu vitano, na BSA herufi zake tatu. Ukikuta kikombe cha gurudumu la nyuma chenye gia za Sturmey-Archer, futa grisi usome. Tarakimu mbili zilizogongwa pale ni mwaka, yaani 56 ni 1956. Lakini gurudumu hubadilishwa, kwa hiyo huo ni umri wa kikombe, huenda si wa fremu.

Ya Sapiwi ilikuwa na foki ya mabomba pacha, mawili kila upande, na hiyo ni alama ya Humber. Foki nayo hubadilishwa, kwa hiyo tulifungua ekseli ya pedeli. Hapo wengi huharibu. Kikombe cha upande wa mnyororo hufunguka kwa kuzungushwa kulia, kama vile unakikaza. Ukilazimisha kushoto utavunja spana au vidole vyako. Kota pini ya mkono wa pedeli usiigonge hivi hivi. Simamisha kipande cha bomba chini ya mkono ule, kifike sakafuni, ili nyundo isipige gololi zikachimba vikombe, na nati iache juu ya pini isije ikabonyeka.

Tulipokwisha kusafisha tulihesabu nyuzi za hesi: 26 kwa inchi. Hicho ndicho kipimo cha Raleigh na majina yake ya Nottingham; viwanda vingine vingi vya Uingereza vilitumia 24. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini kikombe cha 24 ukikilazimisha kwenye fremu ya 26 utakula nyuzi zote, na hapo fremu imekwisha. Ndiyo sababu nasema utambue kwanza. Vikombe vya zamani visitupwe kama havijachimbika. Vitie grisi mpya na gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande, na vitakwenda miaka.

Kisha uzi. Funga uzi penye tundu la ekseli ya nyuma upande mmoja, uzungushe bomba la usukani, uurudishe upande wa pili. Pima nafasi baina ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikiwa sawa, fremu imenyooka. Yetu ilikuwa sawa, na mzee alifurahi kana kwamba amepimwa yeye.

Kisha chaki, na hili nawaomba mlisome mara mbili. Kwangua rangi penye viungio, hasa chini ya bomba la usukani na shingoni mwa foki. Paka mafuta ya taa, ngoja, futa mpaka pakauke kabisa, kisha sugua chaki. Penye ufa mafuta hutoka polepole yakachora mstari juu ya weupe. Shingoni mwa foki ile ya Humber mstari ulitoka, mwembamba kama unywele, ukizunguka karibu nusu ya bomba. Chini ya rangi ya kijani usingeonekana kamwe. Shemeji aliutazama, kisha akamtazama mtoto, wala hakusema neno.

Fundi mmoja alijitolea kuuziba kwa umeme. Tulikataa. Fremu hizi zimelehemiwa kwa shaba njano, na moto wa umeme ukichanganyika na shaba hiyo kiungo huwa kikavu na kukatika upya. Na shingo ya foki si mahali pa kujaribia. Tulinunua foki mpya ya Kihindi pamoja na vikombe vyake, maana nyuzi za vile vya zamani zisingelingana, tukahakikisha shingo yake ni ya urefu uleule. Matairi ya 28 kwa 1½ hayakusumbua, kwa kuwa baiskeli za India na China hutumia kipimo hichohicho. Ndani ya mabomba tulimimina mafuta machafu ya gari na kuigeuzageuza. Sisi wa kisiwani, kwa chumvi hii, tufanye hivyo kila mwaka. Rangi ikafuata, nyeusi, bila jina lolote.

Jambo moja zaidi kwa wakaao penye miteremko: rimu za chuma zikilowa, breki hushika kwa kuchelewa sana. Mvua ikinyesha, shuka utembee.

Shemeji sasa huenda Bariadi kwa baiskeli ile, na mtoto hushushwa shuleni. Foki ya Humber mzee hakukubali iuzwe chuma chakavu; imetundikwa ukutani juu ya kitanda chake.

Mwenye fremu na ailete ofisini siku yoyote ya kazi. Chaki ninayo, mafuta ya taa aje nayo mwenyewe.

Katibu