Je, Wajua? Samaki wa Vilindini na Vitabu Vyao kwenye Njia ya Misafara

Kutoka Tabora hadi pwani ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Hata hivyo, msomaji wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, anayetaka habari za samaki wa vilindini halazimiki kuanzia baharini. Njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora, iliishia Ujiji, kando ya ziwa lenye kina kikubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Vitabu kadhaa vizuri kuhusu maji hayo vinapatikana bure.

Je, wajua kwamba…

Sehemu kubwa ya Ziwa Tanganyika haina samaki hata mmoja? Kina chake ni mita 1,470. Duniani linazidiwa na Baikal la Urusi tu. Lakini oksijeni huishia kwenye mita 100 hivi upande wa kaskazini, na mita 200 na kitu upande wa kusini. Maji ya juu ni ya vuguvugu na mepesi, ya chini ni mazito, nayo hayachanganyiki. Baharini mambo ni tofauti: maji ya baridi kali kutoka ncha za dunia huzama na oksijeni yake, kisha husambaa sakafuni. Ndiyo maana mwaka 2022 kamera ilimnasa samaki akiogelea mita 8,336 chini ya uso wa bahari, karibu na Japani.

Makombe yaliyopitia Tabora yalizua mjadala wa miaka mingi? Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke, wakipitia Tabora, walifika Ujiji Februari 1858. Makombe ambayo Speke aliyaokota ziwani yalichunguzwa London na Samuel Woodward, naye akayaeleza mwaka 1859. Yalifanana mno na ya baharini. Mwaka 1883 Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani aliyekuwa na kituo Igonda, katika nchi ya Tabora, aliona yavuyavu wakielea ziwani, viumbe ambao watu waliwazoea baharini. Swali likazidi kukua: je, ziwa hili lilikuwa bahari?

Kitabu kilichojibu swali hilo kimakosa bado kinafaa kusomwa? Mtaalamu wa wanyama J. E. S. Moore alifanya safari mbili za utafiti, kisha mwaka 1903 akatoa *The Tanganyika Problem*, akitetea hoja kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya kale. Leo tunajua lilizaliwa na kupasuka kwa ardhi katika Bonde la Ufa, na wanyama wake wakabadilika humo humo kwa mamilioni ya miaka. Hata hivyo michoro na maelezo ya Moore yana thamani. Hakimiliki yake imekwisha, kwa hiyo maktaba huru za mtandaoni, kama vile Biodiversity Heritage Library, hukitoa bila malipo.

Dagaa wa Kigoma wana mwendo kama wa samaki wa bahari kuu? Mchana hushuka kwenye maji yenye giza kuwakwepa maadui. Usiku hupanda kufuata vijidudu wanaowala. Mgebuka naye huwafuata. Wavuvi huitumia tabia hiyo wanapowasha taa katika usiku usio na mbalamwezi. Jamaa wa *Trematocara*, samaki wadogo wa ziwa hilo, nao hushinda kilindini na kuja kula karibu na ufuko usiku. Anayeuelewa mwendo huu ameshaelewa nusu ya sura yoyote ya kitabu inayoeleza maisha ya bahari kuu.

Silikanti ni samaki wa Tanzania pia? Wataalamu walidhani alitoweka pamoja na dinosaria, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2003 alivuliwa Songo Mnara, Kilwa. Baadaye wengi walinaswa Tanga, na mwaka 2009 hifadhi ya bahari yenye jina lake ikaanzishwa huko. Kisa cha ugunduzi wake kimo katika *Old Fourlegs* cha J. L. B. Smith (1956), kitabu chepesi kwa mwanafunzi wa sekondari anayesoma Kiingereza.

Mwongozo wa samaki wa Tanzania hauna bei? Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha mwongozo wa David Eccles kuhusu samaki wa maziwa na mito yetu mwaka 1992, na ule wa Gabriella Bianchi kuhusu samaki wa bahari mwaka 1985. Yote miwili ina michoro mingi na inapakuliwa bure. FishBase, hazina ya mtandaoni yenye maelfu ya spishi, hueleza kina ambamo samaki wengi huishi.

Pa kuanzia ni sokoni? Nunua mgebuka au dagaa, fungua mwongozo wa Eccles, linganisha mapezi na magamba na mchoro. Kisha tafuta jina la kisayansi kwenye FishBase, uone anaishi mita ngapi. Mkutubi wa maktaba ya mkoa anaweza kumsaidia asiye na intaneti. Vitabu vyote vilivyotajwa hapa ni vya Kiingereza, ilhali wavuvi wa Ujiji na Kigoma wanazungumza habari za samaki hawa kwa Kiswahili kila usiku. Mwalimu wa Tabora au Kigoma atakayekaa nao na kuandika wanayoyajua atawapa watoto wetu kitabu wanachokihitaji sana.