Kahawa ya Baraza na Faraja ya Nafsi (Sehemu ya Nne)

Tangu tume ya Shirika la Afya Ulimwenguni itangaze, Juni 2025, kwamba katika kila watu 6 duniani 1 husumbuliwa na upweke, wasomaji kadha wa kadha wameniuliza kama kahawa chungu niliyoisifu katika sehemu zilizotangulia yafaa kuwa dawa ya maradhi hayo. Na jawabu langu halina budi kupitia Makka.

Abdulkadir al-Jaziri, aliyeandika mwaka 1558, asimulia jinsi masufi wa Yemen waliokaa Al-Azhar, Kairo, walivyokuwa wakiinywa usiku wa kuamkia Jumatatu na Ijumaa: kahawa ilitiwa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, mkuu wao akaiteka kwa kikombe kidogo na kuwapa mmoja baada ya mmoja, akianzia kuume, huku dhikiri ikiendelea. Mwaka 1511, huko Makka, Khair Beg, aliyepewa kazi ya kusimamia masoko na adabu za mji, aliwakuta watu usiku karibu na Msikiti Mtukufu wakipokezana kinywaji hicho, nao walipomwona wakazizima taa zao. Akashuku, akakusanya mafakihi, akaleta matabibu wawili washuhudie madhara yake, na buni ikachomwa hadharani. Lakini shauri lilipofika Kairo, amri ya Sultani Qansuh al-Ghawri ilikataza mikusanyiko yenye munkari, wala haikukiharamisha kinywaji chenyewe. Nami humsifu, maana alitenga buni na watu, jambo ambalo wauzaji wa leo, watutiliao kahawa katika kikombe cha karatasi tukainywe peke yetu garini, hawalijui kabisa.

Ama wataalamu wa nafsi, Xinyue Zhou na wenzake, walionyesha mwaka 2008 kwamba upweke humpunguzia mtu hisia ya kuwa na wa kumtegemea, ila humchochea kukumbuka ya zamani, na kumbukumbu hizo, kwa kuwa zimejaa jamaa na masahibu, humrudishia hisia ile. Walichunguza kumbukumbu, si vinywaji. Lakini harufu ya dele likiwa juu ya makaa, na mlio wa vikombe vikigonganishwa na muuza kahawa, ni viamshi vya kumbukumbu visivyo na mshindani. Sharti ni moja: awe aliwahi kuketi barazani. Kijana aliyelelewa mbele ya simu, hata umnyweshe dele zima, hana wa kumkumbuka.

Habari ya kashata na tangawizi, mliyoidai, itafuata juma lijalo.