Kwa Nini Mtu Huishangilia Timu ya Chuo Asichosoma?

Marekani kuna mpira ambao wengi wetu hatuufahamu vizuri. Huchezwa kwa mikono kuliko miguu, na mechi za vyuo vikuu peke yake hujaza viwanja ambavyo vingine huchukua watu zaidi ya 100,000. Miongoni mwa timu hizo, ile ya Chuo Kikuu cha Notre Dame ina jambo la kushangaza: mashabiki wake wengi hawakusoma hapo, wala hawaishi karibu na mji wa South Bend, Indiana, kilipo chuo hicho. Kwa nini basi wanaishikilia kizazi hata kizazi?

Mpendwa msomaji, tuanze na historia. Chuo kilianzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika lile lile lililotoa askofu wa kwanza wa Fort Portal, Uganda, Vincent McCauley. Mwaka 1913 timu yake iliishangaza Marekani kwa kuishinda timu ya chuo cha kijeshi cha West Point kwa pointi 35 kwa 13. Baadaye, chini ya kocha Knute Rockne (1918 hadi 1930), ilishinda mechi 105 na kupoteza 12 tu.

Hata hivyo, ushindi peke yake hautoi jibu, maana timu nyingine nazo zilishinda. Wakatoliki wengi wa Marekani wakati ule walikuwa wahamiaji, au watoto wa wahamiaji, kutoka Ireland, Italia na Poland. Walifanya kazi za vibarua na kudharauliwa kwa sababu ya dini yao. Mwezi Mei 1924, kundi la Ku Klux Klan, lililowachukia watu weusi, Wayahudi na Wakatoliki, lilikuja kukusanyika South Bend, na wanafunzi wa Notre Dame wakapambana nalo mitaani. Mwaka 1928 Al Smith, Mkatoliki, aligombea urais. Imani yake ikafanywa hoja dhidi yake, naye akashindwa.

Katika mazingira hayo, timu ilipokwenda New York kucheza na West Point, vibarua walipanda treni za chini ya ardhi kwenda kuishangilia. Watu wakawatania kwa kuwaita “wahitimu wa treni ya chini ya ardhi”. Hawakuwa na cheti cha chuo hicho, lakini timu iliposhinda waliona kwamba na wao wamehesabiwa kuwa watu.

Lakini dharau ile ilipungua. Mwaka 1960 Mkatoliki, John F. Kennedy, alichaguliwa kuwa rais. Ushindi nao haukudumu: mwaka 1956 timu ilishinda mechi 2 kati ya 10, na mwaka 2007 mechi 3 kati ya 12. Mashabiki walibaki.

Hapa falsafa inatusaidia. Aristotle alifundisha kwamba urafiki unaojengwa juu ya faida au starehe huisha pale faida au starehe inapoisha. Kwa hiyo kinachowashika mashabiki hawa ni kitu kingine. Josiah Royce, mwanafalsafa wa Marekani, katika kitabu chake kuhusu uaminifu cha mwaka 1908, aliuona kuwa ni kujitoa kwa hiari, kwa vitendo na moja kwa moja kwa jambo linalomzidi mtu mwenyewe. Mtoto huipokea timu kwa baba au babu kama anavyopokea lugha ya nyumbani, kabla hajajua kuchagua. Akikua, huichagua tena. Kuiacha kwa sababu imefungwa kungekuwa kama kuwaacha waliomrithisha.

Royce alitoa pia kipimo: uaminifu wangu ni mwema ukiheshimu na kukuza uaminifu wa wengine, na ni mbaya ukiuharibu. Kipimo hiki kinawahusu pia wale kati yetu wanaokesha wakitazama timu za Uingereza ambazo hawajawahi kuona uwanja wake. Anayemtukana jirani kwa jezi aliyovaa ameanguka katika kipimo hicho. Na anayeweza kuivumilia timu ya mbali kwa misimu mingi ya kushindwa ameonyesha kwamba moyo wake una uvumilivu. Jumuiya yake ndogo ndogo, yenye mgonjwa asiyetembelewa, ina haki ya kuuomba uvumilivu huo huo.